Rafu ya Karibu

Mwanangu ni fundi wa kompyuta, na tangu mkewe amkimbie, jikoni kwetu kunaendeshwa kikompyuta. Aliniambia ndani ya ile mashine mna kumbukumbu ndogo, inaitwa kashe, ya mbio kama nini. Humo hukaa vitu vinavyotakiwa kila mara. Ikijaa, kile kilichokaa muda mrefu kuliko vyote bila kuguswa hutolewa, kikapelekwa mbali.

Basi rafu iliyo juu ya jiko la gesi ndiyo kashe yetu. Kila chombo kimebandikwa karatasi yenye tarehe kilipotumika mara ya mwisho. Kikipitisha siku thelathini, kinahamia chumba cha uani. Birika la marehemu baba yake ndilo lililotangulia. Nikalirudisha, nikawa naliandikia tarehe mpya kila asubuhi bila kulitia hata tone la maji.

Akanifuma. "Mama, unaudanganya mfumo!"

"Wewe nilikuachisha ziwa kwa shubiri, nikakwambia ni asali. Huo mfumo ni nani?"

Hakucheka. Zamani alikuwa akicheka.

Jumapili akasimama mlangoni pangu, macho kwenye simu. "Mama, hiki chumba nakifanya ofisi. Wiki ijayo utahamia uani. Hata sebuleni siku hizi huji."

"Nije kuzungumza na nani, kochi?"

Alishaondoka.

Nikakaa kitandani nikiwaza: mwanangu aliketi nami lini mara ya mwisho, tukazungumza hata la upuuzi? Nikakumbuka. Siku jino langu lilipoanguka kwenye uji, akacheka hadi akapaliwa. Miezi mitano. Nikachukua karatasi yake moja, nikaandika tarehe ile, nikaibandika kifuani juu ya gauni. Asubuhi nikasimama kando ya rafu, nimenyooka kama chupa ya mafuta.

Akaja kuchukua kikombe. Akaiona. Akainama, akasoma taratibu, midomo ikicheza kama alipokuwa darasa la kwanza. Moyo wangu, mjinga huyo, ukaanza kutandika mkeka.

Akatoa kalamu mfukoni, akaikata tarehe ile, akaandika ya leo.

"Haya mama, umepata siku thelathini nyingine," akasema, akatabasamu, akatoka na kikombe chake.

Birika nimelipeleka uani mwenyewe, likanishikie nafasi.