Jiwe la Kutayamamu

Tangu mlangoni, kifaa cha kupimia mionzi cha binti mgeni kilikuwa kikilia taratibu, mlio mmoja mmoja. Kilipofikishwa kwenye jiwe jeusi kando ya mto wa kulalia wa Takamat, milio ikashikana ikawa mmoja.

Nasima akakizima upesi. Alikuwa ametoka chuo kikuu cha kaskazini, kuja kupima vumbi. Majira ya baridi vumbi la jangwa lilivuka bahari, likatua kwenye vioo vya magari ya Wafaransa, na wenyewe wakakuta humo mabaki ya mabomu ya nyuklia. Ndipo watu walipokumbuka kwamba huku jangwani nako kuna wanaolivuta.

Akamwita nje Mahawa, mumewe Takamat. "Baba, jiwe lile limetoka wapi?"

"Mlimani. Pale Wafaransa walipolipulia bomu lao."

"Nani alilileta?"

Mahawa akavuta kilemba kikamfunika mdomo. "Mimi."

Miaka tisa nyuma, vidole vya mkewe vilipasuka, wakadhani ni baridi tu. Maji yakawa yanamchoma kila anapotawadha. Mgonjwa ana ruhusa ya kutayamamu, kujitakasa kwa udongo au jiwe badala ya maji, basi Mahawa akamtafutia jiwe. Aliyapita mengi ya kijivu, akachagua hilo, laini, linalong'aa utadhani limepakwa samli. Mara tano kwa siku Takamat aliligusa kwa viganja, akajipaka usoni na mikononi, na kila alipomaliza kuswali alimwombea dua aliyemletea. Vidonda vikapanda hadi viwikoni. Mwaka juzi daktari alimkata vidole viwili.

"Lizike mbali," Nasima akasema. "Asilishike tena."

"Na vumbi hili?" Mahawa akaonyesha kizingiti.

"Si kali kama jiwe."

"Sikukuuliza jiwe, mwanangu."

Binti akainama kufunga mkoba wake.

Mahawa alilizika jiwe bondeni, akalikanyagia mchanga kwa hasira kama anayeua nyoka. Aliporudi, adhuhuri ilikuwa imeingia na Takamat alikuwa akipapasa kando ya mto.

"We mzee, jiwe langu umemhonga mwanamke gani?"

"Limevunjika."

"Jiwe?" Akacheka hadi akakohoa. "Haya, usinune. Kwani nimekugombeza? Chukua bakuli uniletee mchanga, wakati unapita."

Maneno yalimjaa Mahawa kinywani. Akaitazama ile mikono, akayameza. Alijiona mwoga, na alikuwa mwoga kweli. Angemwambiaje kwamba dua zote zile zilikuwa za mkono uliomla?

Akatoka na bakuli. Mchanga ulianzia kizingitini, ukaenda hadi miguuni pa mlima na kupita. Akapiga magoti, akachota, akamwaga. Akasogea nyuma ya zizi la mbuzi, akachota tena, akamwaga. Upepo ukaanza kuvuma, vumbi likampiga machoni, naye akabaki amepiga magoti, bakuli tupu mapajani.

"Mahawa," Takamat akaita kutoka ndani, "mchanga nao umekwisha?"