Sanduku la Gauni

Madereva wa teksi walimwona Fundi akitoka upande wa mizigo wa uwanja wa ndege, wakamkimbilia kama kawaida yao, halafu wakaliona sanduku lake na wote wakavua kofia.

"Pole sana, mama," alisema wa mbele.

"Asante," alijibu Fundi. Alidhani anapewa pole ya safari, na kwa kweli safari ilikuwa imemchosha.

Sanduku lilikuwa la mbao, refu kumzidi mwenyewe, limepigwa vanishi na kutiwa vishikio vya shaba kila upande. Ndani mlilazwa gauni la harusi. Fundi alilishona kwa mkono wake, likiwa na marinda membamba kutoka kiunoni hadi chini, kila rinda limepigwa pasi peke yake, na gauni la namna hiyo ukilikunja mara moja tu, umeharibu kazi ya miezi. Ndiyo maana alikwenda kwa jirani yake seremala akampa vipimo, akamwambia anataka kitu cha kulazia gauni lisijikunje. Seremala yule riziki yake ni majeneza. Akasema hakuna tabu, akatengeneza anachokijua. Siku ya kulichukua, Fundi alipima urefu, akapima upana, akaona vipimo vimekaa barabara, akamsifu. Umbo hakulitazama. Kwake yeye, kitu kikishafuata vipimo kimekwisha.

Gauni lilikuwa la binti wa mdogo wake. Fundi na huyo mdogo wake walikuwa hawasemeshani tangu mama yao alipofariki, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa cherehani. Fundi alichukua cherehani cha marehemu kwa kuwa yeye ndiye mshonaji. Mdogo wake, ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano ni kazi, alitaka kukiweka sebuleni kiwe ukumbusho. Maneno yakatoka, makali, na mdogo mtu akayafunga kwa kuapa kwamba hata dada yake akifa hatamlilia. Tangu hapo kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze.

Binti alipochumbiwa, akashikilia kwamba havai gauni la mtu mwingine ila la mama yake mkubwa. Mama yake akakubali shingo upande. "Gauni lije," alisema nyuma ya binti aliyekuwa akizungumza na Fundi kwenye simu, kwa sauti ya kusudi ili asikike. "Mwenye kulishona si lazima."

Fundi akasikia, akakata tiketi. Gauni halijui njia. Na alichokitaka, kuliko alivyokuwa tayari kukiri, ni mdogo wake amwite dada tena, hata kwa hasira.

Sasa, hapo uwanja wa ndege, akamwonyesha dereva wa mbele kadi ya mwaliko yenye jina la hoteli, akachomoa tepu yake ya kupimia, akaingia kazini. Buti la teksi ya kwanza halikutosha. La pili lilitosha nusu, na nusu ya gauni si gauni. Basi dogo la hoteli lilikuwa na nafasi nzuri katikati ya viti, ila abiria waliokwisha kuketi walimwomba dereva waondoke, naye akaondoka mlango ukiwa bado wazi. Mwenye pikipiki alisema hakuna kinachoshindikana, sanduku lilale nyuma na mama akalie juu yake. Fundi alilifikiria hilo kwa muda, maana huyo ndiye pekee aliyeonyesha moyo.

"Mama," alisema dereva wa teksi kwa upole, "mzigo kama huu gari lake ni lile."

Kando ya ghala la mizigo palikuwa na gari jeupe refu, lenye mapazia ya zambarau. Dereva wake, mzee mwenye suti nyeusi, alikuwa amesindikiza marehemu wa kusafirishwa na sasa anarudi mjini bila kitu. Fundi akapima nyuma. Nafasi ilitosha na kubaki. Kulikuwa hata na vizuizi vya kushika mzigo usicheze.

"Ni nani, mama?" aliuliza mzee.

"Ni gauni."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesikia wafiwa wakisema mengi, naye hakuwa mtu wa kubishana na majonzi.

"Unaendeshaje?" aliuliza Fundi.

"Polepole. Abiria wangu hawajawahi kulalamika."

"Vizuri. Na mapazia uyafungue, nataka kuliona."

Mjini foleni ilikuwa imeganda. Mzee akawasha taa, na magari yakaanza kupisha, moja baada ya jingine. Askari wa barabarani akasimamisha upande wa pili, akapiga saluti. Fundi akampungia mkono.

"Mji huu una watu wenye adabu," alisema.

"Wana adabu sana," alijibu mzee. "Ila kwa anayelala nyuma."

Hotelini ndugu walikuwa wamejaa roho juu, maana binti alikuwa amempigia mama yake mkubwa simu hadi vidole vikachoka. Kwenye ndege Fundi aliambiwa azime simu, akazima. Hakuna aliyemwambia awashe. Gari jeupe likasimama mbele ya ngazi, na kioo chake cha nyuma kikawaonyesha sanduku, na kwenye kifuniko karatasi ya mizigo ya ndege yenye jina la Fundi kwa herufi kubwa.

Mdogo wake alitoka mlangoni bila viatu.

"Dada!" Alijitupa kwenye kioo cha nyuma. "Dada yangu! Cherehani kitu gani, dada, si ungebaki nacho tu!"

Kwenye kiti cha mbele, Fundi alishika kitasa cha mlango. Kisha akakiachia, akaketi akisikiliza. Mzee alimtazama, akatazama mbele, akaacha injini ingurume.

Aliposhuka, mdogo wake alikuwa amekwisha kufungua mlango wa nyuma na kulilalia sanduku kifua kizima.

"Toka hapo," alisema Fundi. "Utaponda marinda."

Kilio kikakatika. Mdogo mtu akageuka, akampima dada yake kuanzia kilemba hadi kisigino.

"Wewe mzima?"

"Mzima."

"Na simu?"

"Nimeizima."

Mdogo wake aliinua mkono kama anayetaka kumzaba kofi, mkono ukaishia shingoni kwa Fundi, ukamvuta, na kilio kikaanza upya, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Una wazimu, dada," alisema begani mwake.

"Rudia."

"Una wazimu!"

"Si hilo," alisema Fundi.