Stoo Itafunguliwa Saa Kumi

Mke wa mtendaji wa kijiji alikuja kwangu wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Wakwe kutoka Ushirombo walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari ya binti yake, Asteria, naye alihitaji viti, masufuria makubwa na turubai la kikundi chetu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

"Vipo, Mama Asteria," nilimwambia. "Siku hiyo hakuna mwingine aliyeviomba."

Alinishukuru kupita kiasi. Nadhani alitegemea nimkatalie.

Vifaa hivyo ni vya kikundi cha wananchi tunaodai taratibu za uchaguzi zibadilishwe. Hatuna mfadhili. Tunavikodisha kwenye harusi na misiba, na tunachopata ndiyo nauli ya kwenda vikaoni Shinyanga. Wote tunajitolea. Mimi nilikuwa mwenyekiti, Edson fundi baiskeli alikuwa katibu, na ufunguo wa stoo nilikuwa naufunga kwenye ncha ya kanga yangu, kwa sababu stoo ni chumba cha uani kwangu.

Kikundi kilizaliwa nje ya ofisi ya kijiji. Mwaka ule niligombea uenyekiti wa kijiji. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu, mwisho ukiwa saa kumi jioni, mimi na Edson na wagombea wengine tulifika asubuhi tukakuta kufuli. Mtendaji, Sostenes, hakuwepo, na simu yake haikupatikana. Tulikaa chini juani; hata benchi lilikuwa limeingizwa ndani. Saa kumi ilipopita akaja na pikipiki, akafungua mlango, akatutazama.

"Poleni," alisema. "Muda umekwisha."

Mgombea mmoja tu alikuwa amepokelewa fomu, haijulikani saa ngapi, naye akapita bila kupingwa. Sikupiga kelele. Nilirudi nyumbani nikasonga ugali. Lakini ile "poleni" nilikwenda nayo, na niliitunza.

Jumamosi ya mahari, Sostenes alikuja mwenyewe asubuhi na mkokoteni wa punda.

"Mwangaluka, Mama Violeth."

"Mwangaluka, mtendaji. Kaa."

Nilimpa kigoda na maji ya kunywa. Kisha nikarudi kwenye ungo wangu, nilikuwa napepeta mchele.

"Nimefuata viti."

"Stoo itafunguliwa saa kumi."

Alicheka. "Saa kumi ya alfajiri imeshapita, mama."

"Ya jioni."

Aliendelea kucheka kidogo, kama injini inayozimika. "Wageni wanafika saa tano."

"Najua. Mkeo aliniambia."

Hapo ndipo alipoelewa. Alijaribu kupiga simu Kagongwa, lakini ilikuwa msimu wa harusi baada ya mavuno, na viti vyote vya mjini vilikuwa vimeshatoka. Akampigia Edson. Edson alifika akihema, mikono imejaa grisi, akanivuta nyuma ya jiko.

"Mama, Alhamisi ni kikao cha maoni ya uchaguzi pale Ngokolo, Shinyanga. Nimemwomba huyu mtu miezi miwili aje aseme ni nani aliyempigia simu afunge ofisi. Juzi amekubali. Ukimwaibisha leo, tumempoteza."

"Tutasema sisi."

"Sisi ni walalamikaji. Kila kikao wanatuambia hivyo. Yeye ndiye aliyeshika kufuli."

"Edson, siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Jua lilinichoma na mimi."

"Basi unajua linavyochoma."

"Najua pia tulianzisha kikundi kwa ajili ya nini."

Alikuwa na haki, na siku hiyo haki yake sikuihitaji.

Sostenes alikuwa ametusikia. Alisimama, kofia mkononi. "Mama Violeth, nitasema. Alhamisi nitalitaja jina, mbele ya watu wote. Edson ni shahidi yangu. Nifungulie."

"Saa kumi, mtendaji."

"Huyu mtoto amekukosea nini?"

Kabla sijasema neno, mtoto mwenyewe aliingia uani. Asteria alikuwa amesukwa vizuri, amevaa kitenge kipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliitazama kufuli, akamtazama baba yake. "Baba, ni kwa sababu ya zile fomu?"

Sostenes aliinamisha kichwa.

"Basi wageni watakaa kwenye magogo," Asteria alisema, akaondoka taratibu, akishika kitenge kisiburuze vumbini.

Huyo ndiye aliyekaribia kunifanya nifungue. Mkono wangu ulishafika kwenye fundo la kanga. Lakini nikamsikia Sostenes akinong'ona kwenye simu kando ya ukuta: "Ni uchungu wa kushindwa tu, mke wangu. Mwanamke akishindwa huwa hivi."

Kushindwa. Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya kunipigia kura wala kuninyima. Mkono ukarudi kwenye ungo.

Saa tano tulisikia ng'ombe, kisha vigelegele, kisha vigelegele vikakatika. Baadaye majirani walinieleza. Wageni walikaa juani kwenye magogo, matofali na ndoo zilizofudikizwa. Nyama ilipikwa kwenye visufuria vya kuazima, ikawa inakuja kidogo kidogo, wazee wakisubiriana. Msemaji wao alisimama akasema kwa upole kwamba mkwe anayekukalisha chini amekwisha kukuonyesha kimo chako. Waliporudi Ushirombo, mtamba mmoja wa mahari walirudi naye.

Saa kumi nilifungua stoo na kuvitoa viti nje, nikavipanga. Sostenes alikuja, vumbi mpaka kwenye kope.

"Pole," nilimwambia. "Sasa stoo iko wazi."

Alivitazama viti muda mrefu. "Alhamisi msinitafute."

Hatukumtafuta. Pale Ngokolo tulieleza yetu, kila mtu kwa zamu, na watu walitusikiliza kwa adabu. Kisha aliyeongoza kikao akauliza kama yupo ofisa yeyote wa kuthibitisha. Edson aliangalia viganja vyake.

"Hayupo," alisema.

Kwenye basi la kurudi wenzangu wote walikaa nyuma, wakaniachia kiti cha mbele peke yangu.

Wiki iliyofuata wanachama walikutana uani kwangu. Edson alisema bila kupandisha sauti kwamba viti ni vya kikundi, na mwenyekiti alivitumia kwa shauri lake. Akaomba ipigwe kura kuamua kama nibaki mwenyekiti. Nikasema ipigwe kama tunavyodai ipigwe: karatasi za siri, zihesabiwe mbele ya kila mtu, na matokeo yabandikwe mlangoni. Tulitumia ndoo ya rangi. Rhoda, mhazini wetu, alizisoma karatasi moja moja, akiinua kila moja juu tuione. Nilijua matokeo kabla hajafika nusu.

Nilifungua fundo la kanga, nikampa Edson ufunguo.

"Wewe umenipigiaje?" nilimuuliza.

"Kura ni siri, mama."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka.

Walipoondoka nilibaki naisoma ile karatasi mlangoni. Jina langu lilikuwepo, na kando yake hesabu ambayo hakuna aliyeificha. Sostenes alikuwa anapita na baiskeli, akasimama, akaisoma kutoka barabarani.

"Naona wamekuangusha."

"Wameniangusha," nilimjibu. "Kwa kura. Wewe uliona kufuli inatosha."

Alitaka kusema jambo. Alishuka kwenye baiskeli, akafika mpaka kwenye lango, akaanza, "Mama Violeth, kuhusu siku ile ya fomu..."

Nilisubiri. Alikuwa na nafasi yake, nami nilimpa muda wa kutosha. Alikohoa, akatazama huku na huku barabarani kuona kama kuna mtu, na nilipoona anavyotazama nikajua kwamba hata sasa bado anahofia simu itaita.

"Muda umekwisha, mtendaji," nilisema, nikafunga lango.