Mpaka Ashuke Nguzo

Wenye hisa walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa dada yake Waya.

Waya lilikuwa jina la mtaani. Alianza kwa kuvuta intaneti kutoka paa moja hadi jingine, baadaye akasimamisha nguzo zake mwenyewe, na sasa mtaa wote wa nyuma ya soko ulikuwa wake. Kampuni ya wale wanne ilikuwa kubwa, lakini ikifika hapo inagonga ukuta.

"Tushushe bei nusu," alisema mhasibu.

"Naye atashusha," alijibu dada. "Wateja wake anawajua mmoja mmoja. Kwa nusu hamumwezi."

"Basi tumnunue," alisema mwenyekiti.

"Ununue kitu kitakachoanguka chenyewe? Wapeni watu bure."

Mwanasheria alicheka. "Bure mpaka lini, mama?"

"Mpaka ashuke nguzo."

Kiyoyozi kilivuma. Mwenyekiti alikuwa na hofu moja: je, mambo yakiwa magumu, Waya akiwauzia wapinzani wao wa ng'ambo ya mto? Nao walikuwa wakizimezea mate nguzo zile.

"Hauzi kitu bila kuniuliza mimi," alisema dada, akajimiminia maji.

Na kweli Waya alimwuliza. Alimfuata jikoni kwake, mkanda wa kupandia nguzo ukiwa bado kiunoni, akakalia ndoo iliyopinduliwa kama alivyozoea tangu utoto. Alijua dada ana biashara zake za mjini. Zipi, hakuwahi kuuliza.

"Dada, kuna watu wanagawa intaneti bure! Sijui wamerogwa! Wale wa ng'ambo wamenipa bei ya kueleweka. Nichukue?"

"Mwenyewe unaonaje?"

"Nichukue. Nina watoto."

Dada aliendelea kumenya kitunguu. "Cha bure watu hukichoka, mdogo wangu. Usiuze. Weka nyumba dhamana, vuta pumzi, shindana nao."

"Nyumba, dada?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Waya alifikiri, akatabasamu. "Hapana. Ndiyo maana nakuja kwako."

Watu hawakukichoka. Benki ikachukua nyumba, nguzo zikapigwa mnada, kampuni ikazinunua kwa bei ya kuni. Kisha ikapandisha ada kupita ile ya Waya, maana hapakuwa tena na mwingine wa kumkimbilia. Palikosekana tu fundi anayezijua nguzo hizo.

"Mwajirini mwenyewe," alisema dada. "Hana la kuchagua."

Siku ya kuanza kazi, Waya alisimama mapokezi akitazama picha za wenye kampuni ukutani. Ya tatu aliitazama sana. Dada akatoka mkutanoni, wakakutana uso kwa uso.

"Dada. Ule ushauri wa jikoni."

"Ulikuwa ushauri tu."

"Ulinipa bure."

"Sasa ndugu yangu ningekulipisha?" Alimweka sawa kola ya sare mpya. "Haya, nenda kapande. Mtaani kwako mtandao umekatika tangu asubuhi, na watu wanalipa."

Waya akakaza mkanda, akaenda kupanda.