Maji ya Uani kwa Mzee Gélase

Tangu asubuhi Irène hakuweza kutulia. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika lise, yaani shule ya sekondari, moja ya mtaa wa Mutanga Nord, na siku hiyo somo lilikuwa mwanga. Alitia kijiti ndani ya glasi ya maji, wanafunzi wakakiona kama kimevunjika.

"Kijiti ni kizima," akawaambia. "Mwanga ndio unaopinda ukitoka majini. Kwa hiyo kitu kilicho chini huonekana kiko juu kuliko kilipo."

Huku akisema, mkono mwingine ulikuwa mfukoni umeshika simu. Baba yake hakuwa anapokea.

Mzee Gélase, mstaafu wa forodha, aliishi peke yake Kibenga, kando ya ziwa. Ziwa lilikuwa limepanda likaingia hadi uani kwake. Majirani wengi walihama, yeye akakataa. "Nilijenga hii nyumba na mikono yangu," alizoea kusema. "Maji itarudi kwake."

Kengele ya mapumziko ilipolia, Irène alikodi pikipiki akateremka mbio.

Getini, jua lilipiga juu ya maji likamrudia machoni kama kwenye kioo, asione kitu. Akasogea pembeni, mng'ao ukamwachia, ndipo akamwona baba yake juu ya ngazi za baraza, suruali ameikunja, viatu mkononi.

"Papa! Mbona haushike telefone?"

"Imezimika, umeme haiko. Ngoja, nakuja."

Maji yalikuwa safi, kokoto za chini zikionekana moja moja. Lakini mbao alizotandika za kupitia zilikuwa zimesukumwa ukutani na mawimbi, na mbele ya ngazi mchanga ulikuwa na rangi nyeusi zaidi.

"Usishuke hapo, Papa! Maji imechimba."

"Imechimba wapi? Niko naona chini. Haifike hata kwenye mapaja."

"Macho inakudanganya. Pima kwanza na ubao!"

"Irène, miaka yote hii niko natembea humu. We utanionyesha njia?"

Akashuka.

Maji yalimpokea hadi shingoni. Akapapatika, akazama, akaibuka akikohoa. Irène alipiga ukelele na kuingia, akiambaa na ukuta, sketi ikimnasa miguuni. Ilyasi, jirani aliyekuwa anang'oa milango ya nyumba yake ili ahame, aliruka ukuta na kumsukumia mzee ubao. Mzee akaukumbatia. Wakamvuta pamoja hadi penye kina kifupi.

Baadaye alikaa ukingoni mwa barabara akitetemeka ndani ya koti la Ilyasi.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Nimetoka kuifundisha sasa hivi, Papa. Na bado sikuwa na hakika."

Mzee aliyatazama maji, ambayo yalikwisha kutulia tena na kuonekana ya kina kifupi vilevile.

"Basi twende," akasema.

Sasa anaishi kwa binti yake Mutanga Nord, ila hakai kitako. Huinuka mezani, huenda upenuni, hurudi, huuliza wapita njia kama ziwa limeshuka. Irène naye akiwa darasani hupoteza neno katikati ya sentensi, akiwaza kama mzee yuko nyumbani au ametoroka.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mzee alisema anataka kwenda kuona.

"Nitasimama kwenye barabara tu."

Irène hakujua kama amwamini; akaingia ndani kutafuta viatu vyake mwenyewe, waende pamoja.