Ada ya Tiarra

Mimi ni mdadisi, sikatai. Nina miaka ishirini na miwili ya ukarani katika mahakama ya mji wetu mdogo, mwendo wa saa moja kutoka jiji la Buffalo, Marekani, na marehemu mume wangu alikuwa akisema nitachungulia hata jeneza langu.

Jumanne ile aliitwa Tiarra Goodell, msichana aliyeiba koti la baridi dukani. Alikiri kosa. Hakimu Vandermark, ambaye siku zisizo za mahakama huuza matrekta, akampa saa thelathini za kufagia maktaba. Ikabaki ada ya mahakama, dola mia mbili na tano, ambayo hubandikwa kila mwenye hatia. Karatasi yake nilishaipiga mhuri wa ada tangu asubuhi. Ndiyo desturi yetu, tunapiga zote kabla ya kikao tupate kumaliza mapema.

"Mheshimiwa, hizo pesa ninazo," Tiarra akasema, "lakini ni za karo ya kozi ya kuuguza wazee. Mwisho Ijumaa. Nikilipa hapa, kozi imenipita."

"Sheria inaruhusu kuwasamehe walio chini ya miaka ishirini na moja," akadakia wakili wake, Bwana Pruitt, mwenye majalada manane kwapani.

"Una miaka mingapi, binti?" hakimu akauliza.

"Ishirini na moja. Nimetimiza mwezi jana."

"Basi umechelewa. Pole."

Pruitt akafunga jalada. Tiarra akaanza kutoa bahasha mfukoni, polepole, na roho ikaniuma. Nikajiuliza: hivi koti liliibwa lini? Nikatazama. Januari! Siku yake ya kuzaliwa ni Machi. Nikaondoa birika la kahawa juu ya kitabu cha sheria, nikapekua mpaka nikakipata kifungu.

"Ala! Mheshimiwa, subiri kidogo."

"Bernadine, umeanza."

"Nimeanza, ndiyo. Hebu soma hapa."

Akavaa miwani, akasoma huku midomo ikicheza. Akarudia.

"Umri wa siku ya kosa," akasema. "Si wa siku ya kesi."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na sisi siku zote tumehesabu wa siku ya kesi?"

"Siku zote," nikasema kwa aibu.

Pruitt akajifanya anatafuta kalamu. Hakimu akachukua yake, akaufuta mhuri wangu kwa mistari miwili. "Ada imesamehewa. Kalipe karo yako, binti."

Nilidhani atashukuru, au atalia, au atakimbia kabla hatujabadili mawazo. Wapi! Alisimama palepale akinikodolea macho.

"Kuna nini tena, mwanangu?" nikamuuliza.

"Kaka yangu Lonnell alisimama hapa miaka mitatu iliyopita. Alikosa akiwa na miaka ishirini, mkamhukumu ametimiza ishirini na moja. Aliuza gari ili awalipe."

Hakimu akavua miwani.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

"Kwa mama. Kazi yake ilikuwa mbali, huwezi kufika bila gari, wakamfukuza. Siku hizi hatoki chumbani." Akairudisha bahasha mfukoni. "Nikifika nyumbani nimwambie nini?"