Mkanda Uliotunzwa Pamoja na Mbegu

Siku ile nilikuwa hoi. Tangu Manyara iwe mkoa na kompyuta zianze kuingia, kila mtu hapa Katesh alitaka harusi yake ya zamani iingizwe kwenye kompyuta, nami nilikuwa na mashine moja tu. Na kuhamisha mkanda wa video hakuna njia ya mkato: harusi ya mchana kutwa, utaikalia mchana kutwa.

Ndipo akaingia Mama Marieta kutoka Bashay, na mkanda mweusi kwa masizi, unanuka moshi.

"Shikamoo mama. Huu uliuweka wapi?"

"Marahaba. Darini, juu ya moto, pamoja na mbegu za mahindi. Pale hakiharibiki kitu."

Nikakasirika. Mbegu zinapenda moshi, mkanda haupendi! Lakini akanieleza kwamba mumewe, mzee Bura, alizikwa mwezi uliopita, na sauti yake haipo popote ila humo, akimbariki binti yao Natalia siku ya harusi.

"Nataka wajukuu wamsikie," alisema. Hasira ikaniishia, uchovu ukabaki.

Niliusafisha taratibu, nikauhamishia kwenye ganda jingine la kaseti, nikamwonya kwamba huenda ukapita kwenye mashine mara moja tu. Nikawasha kompyuta irekodi. Picha ilikuwa chenga tupu, lakini sauti ilikuja. Mzee Bura akaanza sala ya baraka kwa Kiiraqw, na kila alipotua, Mama Marieta aliitikia pamoja na watu wa siku ile.

Mara mkanda ukaanza kukwaruza. Nikapeleka kidole kuusimamisha.

"Usimkatize mzee," alisema. "Sala haiachwi njiani."

"Utakatika, mama."

"Mwache amalize."

Nikaondoa kidole, maana nami nimelelewa hivyo hivyo. Nikaitikia naye. Sala ilipokaribia mwisho, mkanda ukakatika.

Mama Marieta alilia bila kujificha, nami iliniuma sana. Nikachomeka maiki, nikamsogezea.

"Malizia wewe, mama. Umeisikia miaka yote."

"Hiyo ni kazi ya wazee wa kiume."

"Mzee ameishia njiani, mama. Na sala haiachwi njiani."

Akafuta uso kwa kanga, akaanza pale pale mumewe alipokomea, kwa sauti ya chini, nami nikaitikia peke yangu mpaka mwisho.

Jioni niliziunga zile sauti mbili. Pale mkanda ulipokatika panasikika wazi, sikupafuta. Mzee anaishia hapo, kisha inaingia sauti ya mkewe.